Wageni Waliokuja Kumsamehe Mama

Kona za kutoka Mombo kupanda Soni hazimhurumii mtu aliyekula mayai asubuhi. Mzee wa Kijerumani alianza kutapika kabla hata joto la tambarare halijatuacha, na aliyemshikia mfuko ni mume wangu. Aliinama juu ya kiti cha mbele yetu, akaushika kwa mikono miwili, anamwambia pole ndugu, pole ndugu, akamalizia kwa kumfuta kidevu kwa leso yake mwenyewe, leso niliyoipiga pasi mimi. Nimebeba mimba tatu za mwanamume huyu, zote zikinitapisha mpaka nyongo, na hajawahi kunishikia hata beseni. Nikageuza uso dirishani, na haikuwa kwa sababu ya harufu.

Tulikuwa tunarudi nyumbani. Miezi mitatu mimi na yeye tulikuwa Ujerumani, tumealikwa na usharika rafiki wa huko, yeye kama mwinjilisti wa mtaa wetu na mimi kama mke wa mwinjilisti, ingawa kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi na nina akili zangu. Safari ilibaki kipande cha mlima tu. Wenyeji wetu wa huko, mama mmoja mstaafu na mzee wake, walikuwa wamepanda ndege pamoja nasi waje waone kwetu. Wao wamekaa katikati ya gari la kukodi, sisi nyuma, dereva mbele na redio yake.

"Mama watoto," mume wangu akaniambia kwa Kishambaa alipokaa sawa, "safari inaisha. Hebu fikiria. Sisi, watoto wa wakulima wa kabichi! Bwana ametutendea mambo makubwa."

"Bwana katenda yapi na wewe umetenda yapi? Tuyatenganishe kabla hatujafika."

"Umeanza."

"Sijaanza. Ningekuwa nimeanza ungeshuka ukaupanda mlima kwa miguu."

Mama wa Kijerumani akageuka akatutabasamia. Anapenda kutusikia tukiongea lugha yetu, alishasema inamtuliza. Nami nikamtabasamia. Miezi mitatu tumegombana hivyo mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi, na kila nyumba tuliyolala wakatusifu jinsi tunavyopendana.

Najua watu wataniuliza Ulaya kulikuwaje, nami nimeshaamua nitawaambia ya mbwa. Nyumba ya kwanza tuliyofikia ilikuwa na mbwa mkubwa kama ndama. Tukimaliza kula sahani zinawekwa chini, mbwa analamba, halafu zinaingia kwenye mashine ya kuoshea. Mashine ina maji ya moto, waliniambia, hakuna mdudu anayepona. Haya. Lakini asubuhi yake nikiitazama sahani yenye mkate wangu ninachoona ni ulimi. Jibini lao linanuka soksi. Mtu anapenga kamasi mezani, kwa kishindo, kwenye kitambaa, anakikunja vizuri anakirudisha mfukoni, halafu kwa mkono uleule anakupa chumvi. Loo! Nilikonda. Ila nisiseme uongo, watu wale walitupenda. Walitupa vitanda vya joto na soksi za sufu, na jino langu bovu lilipelekwa kwa daktari hata sijaomba. Kinyaa cha mbwa ni cha tumbo tu, ukishiba kinapita. Kilichonikaa mimi hakikutoka kwao, tulisafiri nacho kutoka nyumbani.

Mtoto wetu wa kwanza, binti, alifariki ana miaka miwili. Tulikuwa tumemwacha kwa mama yangu, kijijini kwetu upande wa kwenda Bumbuli, kwa sababu mimi nilikuwa chuo cha ualimu na mume wangu yuko kwenye mafunzo yake ya uinjilisti. Ilikuwa masika. Homa ilimpanda jioni ghafla. Mama akamfunga mgongoni akatoka naye kwenda hospitali, mvua inanyesha, akakuta mlima umeporomoka umeikata njia. Akazunguka kwa juu, kwenye mashamba ya chai. Mtoto alifia njiani. Ndivyo ilivyokuwa, kijiji kizima kinajua, na kaburi liko nyuma ya nyumba ya mama mpaka leo.

Mara ya kwanza mume wangu aliposimama kanisani kwao kutoa ushuhuda, alisimulia hivyohivyo. Alisema kwa Kiingereza, mtu wao akageuza Kijerumani. Watu wakatikisa vichwa, wakaimba, tukala keki. Mahali pa pili mtu mmoja akauliza kama mtoto alikuwa akipata chakula cha kutosha. Swali tu, la mtu mwema. Nikamwona mume wangu anawaza, kisha akajibu, "Kama mnavyojua, kwetu chakula ni shida." Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Basi tena! Mahali pa tatu nyumbani kwa mama maziwa hayakuwepo. Pa nne bibi alikuwa anamnywesha mtoto maji ya majani yaliyochemshwa. Ulipofika mwezi wa pili binti yangu alikuwa anakufa kwa njaa mikononi mwa bibi yake asiye na kitu, na bibi anaimba ili asisikie kilio. Anaimba! Na mume wangu analia machozi kabisa, kila mahali kwenye neno lilelile, halafu anaitoa leso.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakuwahi kupanda ndege.

Tulipokuwa wawili chumbani nilimwambia, si mara moja. Nilimwambia mama yangu ana ng'ombe wa maziwa tangu sijazaliwa. Nilimwambia mtoto yule alikuwa na mashavu mpaka watu wanamfinya. Akanitazama kwa yale macho yake ya kutoa pole msibani.

"Wanataka kutujengea zahanati," akasema. "Zahanati, mama watoto, palepale kijijini. Ingekuwepo wakati ule tusingemzika. Sasa haya maneno yanamuumiza nani? Mtoto yuko kwa Baba. Mama hajui Kijerumani."

"Mama yangu umemfanya muuaji."

"Nimemfanya maskini. Kwa Mungu umaskini si dhambi."

Hapo ndipo aliponichefua kabisa, maana zahanati naitaka hata mimi. Nimefundisha watoto pale, nimewaona wakipelekwa hospitali kwa bodaboda, mama kambeba mtoto, bodaboda inateleza kwenye utelezi. Angekuwa anasema uongo apate suti ningejua pa kumshika. Lakini alikuwa amechukua jambo jema akalipaka kinyesi, kisha ananipa nilishike.

Nilijaribu kumwambia yule mama wa Kijerumani. Siku moja tunamenya viazi jikoni kwake, wawili tu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasani, polepole asikosee, kwamba mtoto hakufa kwa njaa, alikufa kwa homa, na mama yangu ni mtu mwenye chakula. Akaweka kisu chini. Akanishika mkono kwa mikono yake yenye maji ya viazi. Akasema anaelewa jinsi ilivyo vigumu kwa mama mzazi kulitamka, na kwamba mume wangu alishamwonya kuwa mimi bado sijaweza. Nikamaliza viazi vyangu nikaenda kulala bila kula.

Basi tukafika Soni. Mzee wa Kijerumani akaomba ashuke apate hewa, tukasimama karibu na maporomoko. Siku zile maji yalikuwa mengi, yanamwagika kwa kelele mpaka inabidi upaze sauti. Mzee akaangalia maji, akaangalia migomba, akaangalia mabonde ya mboga chini kule, kijani mpaka macho yanachoka. Akauliza kama mto huu una maji mwaka mzima.

"Ni mvua hizi tu," mume wangu akamjibu bila hata kupepesa. "Baadaye yanakauka kabisa."

Ebo! Mto ule! Nimezaliwa nikaukuta, bibi yangu alizaliwa akaukuta. Nikatemea mate majani, nikajifanya mdudu kaniingia mdomoni.

Pembeni pale kulikuwa na mama wa Kiislamu anauza mapeasi, karoti na maparachichi, mama mnene, mtandio safi, hereni za dhahabu zinaning'inia, simu imebanwa begani anaagiza mzigo wa viazi upelekwe Dar. Alipomwona mzee wa watu rangi imemtoka, akakata simu, akachagua parachichi zuri, akampasulia, akampa kijiko. "Mpe ale, wenyeji wake watasemaje akifika anaonekana hivi!" akanitania. Akakataa kulipwa. Mama wa Kijerumani akaninong'oneza, macho yamelowa, kwamba inamgusa sana kuona watu wasio na kitu wakitoa hata hicho kidogo. Nikamtazama yule muuzaji na hereni zake. Nikatazama gunia la maparachichi lililokuwa linasubiri gari, kubwa kunishinda.

Kisha mama wa Kijerumani akanivuta mkono tukasogea kando. Aliniuliza mama yangu anapenda nini. Nikasema anapenda kahawa na watu. Akacheka. Akasema amemwombea mama yangu wiki nyingi, yeye na kikundi chao cha maombi, na sasa Mungu amempa amani. "Mwambie asiogope kutuona," akasema. "Sisi tumeshamsamehe."

"Mmemsamehe nini?"

Akaniminya kiganja. "Si lazima useme."

Nadhani pale ndipo damu yangu ilipobadilika. Mama yangu aliyembeba mtoto mlima mzima kwenye mvua, mama ambaye hata leo akipita kwenye lile kaburi anaokota jani lililoangukia juu yake, ndiye anayeletewa msamaha kutoka Ulaya, umefungwa kwenye sanduku pamoja na chokoleti. Mtu anapokutukana, unamtukana nawe mnamalizana. Lakini huyu ananipenda! Ananiminya kiganja!

Tukapanda mpaka Lushoto, wageni wakapata vyumba vya kulala pale mjini. Kesho yake, Jumamosi, mimi na mume wangu tukatangulia kijijini kuandaa ya Jumapili. Njiani mume wangu akaanza kupangapanga.

"Mwambie mama asipike sana."

"Kwa nini?"

"Wageni wanakula kidogo. Uji wa mahindi unatosha, na chai ya rangi. Na wale ng'ombe, ndugu zako wawapeleke upande wa pili kwa siku hizi mbili tu."

"Kamwambie mwenyewe."

Alijua nilichokuwa namfanyia. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, na wenye kushika mila kama mama hawaongei kabisa uso kwa uso; salamu inapitia kwa mtu wa tatu. Tangu mume wangu aliponiposa sijawahi kumsikia mama akimwambia neno lolote moja kwa moja. Wengine wamelegeza siku hizi, wanapigiana hata simu. Mama hakulegeza. Akisikia mume wangu anapita njiani anageukia ukuta, na mume wangu naye anakohoa kutoka mbali ampe nafasi.

Kwa hiyo tulipofika akabaki nyuma ya zizi, mimi nikaingia jikoni. "Onga mshi, mama." Aliitikia salamu yangu ya Kishambaa huku amenikumbatia, mikono ina vitunguu. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa kwaya. Mbuzi ameshachinjwa. Ndizi zimemenywa beseni tatu, maziwa yamegandishwa kwenye vibuyu, makande yako motoni, na mama amejinunulia kitenge kipya chenye maua makubwa, amekitundika msumarini kila anayeingia akione.

"Mkwe wako anasema usipike sana," nikamwambia.

"Anasema?" Akakiangalia kitenge chake, akaniangalia mimi. "Watoke Ulaya waje kula upepo? Mwambie mkwe aende akatafute viti. Hebu niambie, huyo mama Mzungu anapenda nini?"

Swali lilelile. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikasema moyoni, mwambie sasa. Watoe hawa wanawake, mwambie. Lakini angalia furaha aliyokuwa nayo! Alikuwa anafundisha wenzake namna wageni watakavyoketi, nani amwagie mgeni maji ya kunawa, nani aanze wimbo. Mtu ambaye mlima wetu haujampa sifa nyingi, leo wageni wa mbali wanakuja kwake. Nilimjibu kwamba anapenda parachichi. Nikatoka nje nikamkuta mume wangu zizini anajaribu kumsukuma ng'ombe mmoja mwenye mimba atoke, na ng'ombe hataki. Nilimtazama mwinjilisti wa Bwana na viatu vyake vya Ujerumani kwenye mavi, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, mpaka machozi yakanitoka.

"Kesho atasema," nikamwambia. "Yule mama atasimama kanisani na atasema. Utafanyaje?"

"Mimi ndiye ninayetafsiri," akajibu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mchungaji alikuwa na zamu mtaa mwingine, kwa hiyo ibada yote ilikuwa ya mume wangu. Mama alikaa benchi la mbele upande wa wanawake, kitenge kipya, kilemba kimesimama wima, amegeuza uso kidogo pembeni asimtazame mkwe madhabahuni. Mimi nilikaa na kwaya, mahali pangu pa siku zote.

Baada ya matangazo wageni wakaitwa mbele. Yule mama akasema "Shikamooni" kwa Kiswahili, kanisa likacheka kwa furaha likaitika marahaba. Halafu akaingia Kiingereza, na mume wangu akasimama ubavuni pake.

"Tumekuja kusimama na familia iliyompoteza mtoto kwa njaa," mgeni akasema.

Mume wangu akatafsiri. "Anasema wamefurahi sana kufika kwetu."

"Amina!"

"Bibi wa mtoto, najua uko hapa leo."

"Anamsalimu bibi wa familia yetu."

Mama akainuka nusu, akainama kwa adabu, akakaa. Mgeni akamwona, machozi yakamjaa, akaweka mkono kifuani.

"Hatukuhukumu," akasema. "Hukuwa na kitu cha kumpa, ukamwimbia mpaka akafa. Mungu amekusamehe. Nasi tumekusamehe."

Nyuma kule vijana wawili wa sekondari waliinua vichwa wakatazamana. Mume wangu aliangalia sakafu, akaangalia dari, kisha akatoa sauti yake nzuri ya mahubiri.

"Anasema, bibi umelea vizuri, na Mungu akubariki sana!"

Mama akapiga vigelegele. Ndiye mwenye vigelegele vikali kuliko wote kwetu, na siku ile alivipiga amesimama, mikono juu, wanawake wote wakampokea, kanisa likatetemeka. Mimi nilikuwa namtazama mgeni. Machozi yake yalisimama. Alitazama wale wanawake, akamtazama mama yangu aliyekuwa anashangilia, anazunguka, kitenge kinapepea, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, midomo ikajikunja, akarudi nyuma hatua moja. Niliijua sura ile. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi mbele ya sahani aliyoilamba mbwa. Alikuwa anamwonea mama yangu kinyaa.

Sikupanga kusimama. Nilijikuta nimesimama.

"Mama, nyamaza kidogo," nikasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya darasani. "Sivyo alivyosema."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mume wangu akaniita, "Mama watoto!" Sikumgeukia.

"Amesema mjukuu wako alikufa kwa njaa. Amesema hukuwa na kitu cha kumpa, ukawa unamwimbia mpaka akafa. Amesema amekuja kukusamehe."

Mama aliteremsha mikono. Hakulia, hakupiga kelele. Akauliza, "Nani kamwambia?"

Watu wote wakaangalia mahali pamoja, na mama akafuata macho yao, akainua uso wake, akamtazama mkwe wake machoni. Mzee mmoja wa kanisa akafunika uso kwa kiganja. Mama akatoka kwenye benchi, akatembea mpaka mbele, akasimama karibu naye kiasi kwamba angeweza kumgusa. Mume wangu akarudi nyuma akagonga meza ya sadaka.

"Mkwe," mama akamwambia kwa Kiswahili. "Nitasema, na wewe utamwambia mgeni. Neno kwa neno. Binti yangu anasikia."

Mume wangu akamgeukia mgeni.

"Mwambie asubuhi ile mtoto alikunywa uji wa maziwa."

Akamwambia. Kiingereza chake kilikuwa chembamba, lakini alisema, nami nikatikisa kichwa kwamba ndivyo.

"Mwambie mchana nilimpondea ndizi na parachichi. Akamaliza, akaomba nyingine, nikampa."

Akamwambia.

"Mwambie homa ilikuja jioni, maziwa yake ameshakunywa. Nikambeba. Njia haikuwepo, mlima umeishusha. Nikapita kwenye chai, naanguka, nainuka, ninamwimbia asiogope ngurumo. Kuimba niliimba, hilo ni kweli. Mwambie alinifia mgongoni, nikajua kwa shingo yake. Nilipomshusha nikamfungua, mdomo wake bado unanukia maziwa."

Mume wangu alisema yote hayo, kipande kwa kipande, jasho linamtiririka. Leso hakuitoa. Wanawake wa kwaya walikuwa wanalia. Mama akamsubiri mpaka akamaliza.

"Sasa mwambie hivi. Mtoto wetu alikufa ameshiba."

Hapo akakwama. Akamtazama mama kama anamwomba, na mama hakugeukia ukuta wala hakusogea.

"Mwambie."

Akasema. Niliyapima maneno yale ya Kiingereza moja moja, na yalikuwa sahihi.

Mama wa Kijerumani aliondoa mkono kifuani. Alimwangalia mama yangu muda mrefu, kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza kitu kimoja, kifupi, kwa sauti ya chini. Na mume wangu, ambaye alikuwa ameshazoea kutafsiri kila linalosemwa, akatugeukia akatafsiri hata hilo.

"Anauliza," akasema, "kwa nini."

Kwetu mtu akikwama mbele ya kanisa, akilia, akikosa neno, hatumwachi. Kwaya inaanzisha pambio, watu wanapokea kwa makofi, naye anapata nafasi ya kujifuta na kushuka chini ya wimbo. Tumewaokoa hivyo wachungaji, wafiwa, mabibi harusi. Mwanzilishi wa mapambio kwetu ni mimi. Kwaya nzima wakanigeukia, mpiga ngoma akainua mikono, tayari. Mume wangu naye akanitazama, anasubiri nianze.

Nikakaa chini. Mpiga ngoma akashusha mikono yake akaiweka mapajani, na watu wote tukatulia, tukamsubiri ajibu.